Jinsi ya kuweka ajenti wa kompyuta awaunganishe mafundi na wataalamu kiwandani

Maswali ni yale yale kila wiki. Hii AI inaweza nisaidia kwa meintenansi? Ninunue programu gani? Lazima kila mota iwe na sensa? Na yule mzee wetu wa boila akistaafu tutafanya nini? Wengine wanauliza kutoka viwanda vya sukari upande wa Muhoroni, wengine wako majani chai Nandi Hills, wengine maziwa na unga hapa Nakuru, na ukisikiza vizuri shida ni moja tu: mashine imesimama usiku, mwenye anaijua hayuko, na fundi wa shifti anapiga simu moja baada ya ingine akieleza hadithi ile ile kwa kila mtu. Sasa nimeiandika mara moja, ukiniuliza tena nitakurudisha hapa.

Kitu kimoja kabla hatujaanza. Ajenti, yaani programu ya AI inayoongea na mafundi kwa simu, hatengenezi mashine na hajui beringi kuliko fundi wako. Kazi yake ni kupokea tatizo, kuuliza maswali yenye fundi amesahau kujibu, kutafuta kama hii kitu ilishawahi kutokea, kumpelekea mtaalamu anayefaa ikiwa imepangwa vizuri, alafu kuweka jibu mahali litapatikana tena. Wazo lenyewe si jipya vile watu wanafikiria. Mwaka wa 1980 Reid Smith aliandika kuhusu mpango unaoitwa Contract Net, programu moja inatangaza kazi, zingine zinasema kama zinaweza, yenye inafaa inapewa. Chenye kimebadilika ni kwamba sai ajenti anaelewa fundi akiandika "feni ya boila imeanza tena ile maneno yake". Theori imeishia hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mashine moja inayowasumbua. Moja.
- Watu watatu hadi watano wenye wanaijua kweli, hata kama mmoja amestaafu ako Bondo analima.
- Rekodi zozote: kitabu cha kazi cha karakana, manyuali, picha za vibati vya mota na gia boksi.
- Simu yenye Telegram kwa kila fundi wa shifti. Smartphone ya kawaida inatosha.
- Kompyuta inayowaka masaa yote ama seva ndogo ya kukodi, na programu ya kuunganisha kazi kama n8n. Kama kuna kijana anajua kuandika programu kwa Python pia ni sawa.
- Akaunti ya modeli ya lugha, yaani ile AI yenyewe inayosoma na kuandika, yoyote ile kubwa. Unalipa kulingana na matumizi, kwa hivyo weka kikomo cha pesa kwa akaunti siku ya kwanza.
- Ruhusa ya bosi, na iwe kwa maandishi. Picha za paneli na michoro ya kiwanda zitatoka nje ya geti kupitia intaneti, asije akajulia kwa watu.

Sensa si lazima. Zikuwepo ni vizuri, lakini ukingoja bajeti ya sensa ndio uanze utangoja sana.

Hatua zenyewe

1. Chagua mashine moja na uandike inavyoharibika

Tuchukue mfano wa feni ya kuvuta moshi kwa boila, juu viwanda vingi huku wanayo na inasumbua watu. Kaa na mafundi, waambie wataje njia zote hii feni imewahi kuwaangusha. Jivu likiganda kwa majani ya feni linaharibu mizani, feni inatetemeka. Jivu la bagasi, yale makapi ya miwa, linakula majani pole pole mpaka yanakuwa membamba. Grisi ikizidi beringi inachemka, grisi ikikosa pia inachemka. Kaplingi, kile kiungo cha mota na feni, haijanyooka. Bolti za msingi zimelegea. Mota imetripu kwa ovalodi, yaani imejizima kwa sababu mzigo umezidi.

Sasa kwa kila moja andika swali linaloitenganisha na zile zingine. Kwa feni swali kubwa ni hili: kutetemeka kumepanda pole pole ama ghafla? Ikipanda kidogo kidogo kwa wiki kadhaa pengine ni jivu ama kulika. Ikiruka kwa dakika moja, kuna kipande cha jivu kimebanduka upande mmoja ama jani limepasuka, na hiyo ya jani si ya kuchezea. Mtaalamu yeyote atauliza hilo swali kwa simu. Unataka ajenti aliulize mapema, kabla mzee hajaamshwa.

Hii ndiyo hatua yenye watu wanaruka, na ndiyo inafanya ajenti wao akae kama mtu wa kaunta anayesema "asante kwa ujumbe wako".

2. Tengeneza orodha ya wataalamu, lakini ya ukweli

Usiandike vyeo. "Injinia wa umeme" haisaidii mtu saa nane usiku. Andika mtu anajua nini kwa mikono yake: huyu amefungua hii gia boksi, huyu ndiye aliyeweka paneli mpya, huyu anajua kusoma grafu ya vaibresheni, yaani mtetemo, huyu anajua tu mota lakini anazijua sana. Alafu andika anapatikana saa ngapi, anapenda kupigiwa ama kuandikiwa, na nani anachukua akikosekana.

Wenye wako nje ya nchi waandikie tofauti ya saa. India wako masaa mawili na nusu mbele yetu, Japani wako sita. Ikiwa kwetu ni saa nne asubuhi, India ni saa sita na nusu mchana na Japani ni saa kumi jioni, kwa hivyo swali la mtengenezaji wa Japani likichelewa mpaka saa tano na nusu yetu umempoteza mpaka kesho. Wenye wako karibu na Olkaria wanajua hii maneno, tabaini nyingi kule zimetoka Japani. Ajenti anaweza kupanga hiyo foleni bila mtu kuhesabu vidole.

Na uongee na hao watu kwanza! Mzee aliyestaafu si wa kutumiwa bure. Mkubaliane kama ni airtime, kama ni malipo kwa kila swali, kama ni baada ya saa kumi na mbili asubuhi tu. Namba yake na sauti yake ni taarifa zake binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hivyo pata kibali chake kabla ya kuziweka kwa mfumo, na umweleze zinaenda wapi.

3. Tengeneza kadi ya tatizo

Hii ndiyo moyo wa kila kitu. Ujumbe wa kawaida wa grupu ni "feni imeanza tena, nani ako sai". Ajenti anatakiwa kuugeuza ukae hivi:

Mashine: feni ya moshi, boila namba 2
Ilianza: 03:10, usiku wa kuamkia Jumatano
Hali sai: imezimwa, kufuli na kadi ya onyo ziko kwa swichi
Dalili: kutetemeka kumepanda ghafla
Vipimo: beringi ya karibu na mota 3.1 mm/s, beringi ya karibu na feni 8.4 mm/s, joto 62
Kazi ya mwisho: grisi, Jumapili
Imeshaangaliwa: bolti za msingi, zimekaza
Swali: tufungue mlango tuangalie majani ama kuna kitu cha kupima kwanza?

Mtaalamu akiona hiyo anajibu kwa dakika mbili akiwa bado kwa kitanda. Ona ile mstari ya mwisho. Kadi bila swali ni malalamiko tu, mtu ataisoma aseme "pole" aendelee kulala. Mlazimishe ajenti asipeleke kadi kama haina swali.

Usijaze kadi na vitu ishirini. Fundi amesimama kwa joto, mikono ina grisi, ukimuuliza maswali ishirini ataweka simu mfukoni arudie kupiga simu vile amezoea.

4. Ingiza rekodi, na uangalie namba moja moja

Piga picha za vitabu vya kazi, skani manyuali. Programu ya kusoma maandishi kutoka kwa picha itakosea, na itakosea mahali pabaya, 0.8 inageuka 8 kwa sababu nukta ilikuwa na grisi juu yake. Namba za kukaza bolti, presha, kiasi cha grisi na nafasi za kaplingi zisomwe na binadamu tena. Hakuna njia ya mkato hapa.

Kuna jambo lingine watu hawaambiwi. Ajenti wengi wanatafuta rekodi kwa kufananisha maana, na hiyo inafanya kazi vizuri kwa sentensi lakini kwa namba za spea ni hatari. Kwa macho yake beringi 6312 na beringi 6213 zinafanana sana, na wewe unajua moja ina shimo la milimita 60 na ingine 65. Hata 6312 na 6312 C3 si kitu kimoja, C3 ina nafasi kubwa zaidi ndani, na kwa mashine inayochemka hiyo nafasi ndiyo inaiokoa. Weka namba za spea kwa jedwali lao peke yao na umwambie ajenti atafute namba kamili, herufi kwa herufi, asipopata aseme hakuna.

5. Mpe kamusi ya karakana yenu, na umfundishe saa zetu

Kila karakana ina lugha yake. "Imenoki" kwa fundi mmoja ni injini imekufa, kwa mwingine ni beringi imeshika. "Inalia" ni sauti nyembamba ya chuma ama ni beringi kavu? "Imekula shafti", "imetripu", "inatoa moto", yote andika na maana yake hapo kwenu, mistari thelathini hivi inatosha kuanza. Pale ambapo neno lina maana mbili mwambie ajenti aulize.

Saa ndiyo imeleta shida viwanda vingi. Fundi anaandika "ilizima saa tisa usiku" akimaanisha 03:00, programu inaandika 21:00, mtu wa data anaenda kuangalia grafu ya saa tatu usiku hapati kitu, anasema fundi ameota. Mwagize ajenti kila akisikia saa ya Kiswahili aigeuze kwa masaa 24 na arudishe kwa fundi: "Ni 03:00 usiku wa kuamkia Jumatano, sawa?" Na hiyo "usiku wa Jumanne" aiulize kila mara, kwa sababu kwa wengine ni Jumatatu usiku na kwa wengine ni Jumanne usiku.

6. Fungua boti

Boti ni akaunti ya programu ndani ya Telegram, ndiyo mlango wa kuongea na ajenti. Mimi nasema Telegram kwa kuanzia, hata kama wote mko WhatsApp. WhatsApp ya biashara inafanya kazi lakini lazima upitie usajili wa Meta, wenye WhatsApp, na masaa 24 yakipita tangu mtu akuandikie mara ya mwisho huwezi kumtumia ujumbe wowote isipokuwa ule wa fomu iliyopitishwa. Kwa mzee ambaye hajakuandikia mwezi mzima hiyo inakuwa kikwazo. Kwa Telegram unaenda kwa BotFather, boti yao ya kufungulia boti zingine, unafungua boti, unapewa ufunguo, umemaliza. Huo ufunguo ni siri, usiutume kwa grupu.

Unganisha boti na n8n ama na programu yako. Kama n8n iko kwa laptopu ya ofisi, Telegram haitaifikia mpaka uwe na anwani ya https inayoonekana kutoka nje, hapo ndipo watu wengi wanakwama siku ya kwanza. Seva ndogo ya kukodi inamaliza hiyo shida.

7. Andika maagizo ya ajenti

Yaandike kwa Kiswahili cha kawaida, vile ungemwelezea kijana wa atachmenti siku yake ya kwanza. Unaweza kuanza na haya:

"Wewe ni mpokeaji wa matatizo ya feni ya boila namba 2. Unaongea na mafundi kwa heshima na kwa ufupi. Uliza swali moja kwa wakati. Swali lako la kwanza kila mara ni kama mtu yeyote yuko hatarini na kama mashine imezimwa na kufungwa kufuli. Jaza kadi. Usikisie kipimo chochote, kama hakijatolewa andika 'haijapimwa'. Tafuta rekodi na ukipata inayofanana taja tarehe na ukurasa. Usitoe namba ya kukaza, presha ama spea ambayo haiko kwenye rekodi. Usimwambie mtu awashe, azime ama afungue mashine, hiyo ni kazi ya mtaalamu na supavaiza. Fundi akisema anataka kuongea na mtu, mpe mtu mara moja."

Ile sentensi ya mwisho usiiondoe hata bosi akisema inaongeza simu. Fundi akijua kuna mlango wa kutokea ataingia bila wasiwasi.

8. Mpe zana chache

Ajenti anahitaji kusoma jedwali la wataalamu, kutafuta rekodi, kutuma ujumbe na kuandika kadi. Basi. Asipewe uwezo wa kugusa PLC, ile kompyuta inayoendesha mashine, asiagize spea mwenyewe, asifute rekodi. Kama mna sensa mpe ruhusa ya kusoma tu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamwekea mwajiri jukumu la usalama wa wafanyakazi wake, na ukienda kusema "ni kompyuta iliwasha" hakuna mtu atakusikiza.

Vipimo vikiwepo mpe pia mipaka ya kulinganisha. Kwa mota za kati ya 15 na 300 kW zilizofungwa kwa msingi mgumu, kiwango cha kimataifa cha mtetemo, ISO 10816-3, kilikuwa kinaweka 4.5 mm/s kama mahali pa kuanza kuogopa uharibifu, sai nafasi yake imechukuliwa na ISO 20816-3. Lakini historia ya mashine yako mwenyewe ina uzito kuliko jedwali la kitabu, feni iliyokaa 2 miaka yote na leo iko 4 inasema kitu hata kama bado haijavuka mstari.

9. Panga nani anaitwa, na kwa muda gani

Andika wazi: kadi inaenda kwa mtu wa kwanza, asipojibu kwa dakika 15 inaenda kwa wa pili, ikifika dakika 30 supavaiza anapigiwa simu ya kawaida ya sauti. Kama hali ni hatari supavaiza anapigiwa kwanza na hayo mengine yanafuata.

Tatizo likigusa watu wawili, kwa mfano vaibresheni na umeme, ajenti aweke kadi kwa chumba kimoja, yaani grupu moja yenye wote wawili wako ndani. Wakijibu kwa faragha kila mmoja kivyake, fundi anabaki katikati na majibu mawili yanayopingana. Wakipingana ndani ya chumba ajenti asichague mshindi. Aandike tu "Mzee anasema jivu, injinia anasema kaplingi, kipimo cha kutenganisha ni hiki", alafu fundi apime. Kwa mota ya nguzo nne kwa umeme wetu wa 50 Hz, feni ikiwa imefungwa moja kwa moja, inazunguka karibu mara 25 kwa sekunde. Mtetemo ukikaa kwa hiyo 25, mizani imeharibika ndiyo mshukiwa wa kwanza, ukiwa mkubwa karibu na 50 unaanza kuangalia kaplingi. Hapo ubishi unaisha bila mtu kuvunjiwa heshima, na kwa wazee wetu hiyo si kitu ndogo.

10. Jaribu na kesi za zamani kabla ya kuleta kwa shifti

Chukua kesi kumi kutoka kitabu cha kazi zenye mnajua mwisho wake. Mpe ajenti mwanzo tu, uone: ameuliza swali la kutenganisha? Amepata rekodi sahihi? Amechagua mtu sahihi? Mwache fundi mbishi kabisa kwa timu ndiye afanye hili jaribio, yule anayesema hizi vitu ni za watu wa ofisi. Atapata mashimo yote kwa mchana mmoja.

11. Lazimisha kufunga kadi

Mashine ikirudi kazini, ajenti anamrudia fundi na maswali matatu: ilikuwa nini hasa, mmefanya nini, mmetumia spea gani. Sauti inaruhusiwa. Alafu anamtumia mtaalamu muhtasari aseme kama ni kweli. Bila huo ukaguzi rekodi zitajaa "imetengenezwa, iko sawa" na mwaka ujao hazitamsaidia mtu. Kadi iliyo wazi ikipita siku mbili supavaiza aambiwe.

Jina la mtaalamu likae kwa jibu lake. Watu wanatoa ujuzi wao kwa moyo wakiona unaitwa wao. Ukiuchukua ukaupa jina la mfumo watanyamaza, na watakuwa wamefanya haki.

12. Ongeza ajenti wa pili ukiwa na sababu

Watu wanapenda kuanza na ajenti watano, mmoja wa mapokezi, mmoja wa rekodi, mmoja wa ratiba, wanaongea wenyewe kwa wenyewe na bili inapanda. Anza na mmoja. Akianza kulemewa, yaani maagizo yamekuwa marefu mpaka anasahau ya katikati, mtoe kazi ya kutafuta rekodi umpe mwingine. Mashine ya pili inakuja baada ya hapo.

Makosa ninayoona sana

Kununua mfumo kabla ya kuongea na mafundi, hilo liko juu ya yote. Linafuatwa na kumfanya ajenti awe mpelelezi wa kuangalia nani amechelewa, wakishajua hivyo mafundi watamlisha uongo mtamu kila siku. Kuna pia kupima mafanikio kwa idadi ya ujumbe. Pima muda kutoka mashine kusimama mpaka jibu la kwanza la mtu anayefaa, hiyo ndiyo namba yenye maana. Na kuna wale wanapeleka kila kengele ndogo kwa mzee usiku, wiki ya pili amezima simu.

Shida zikitokea

*Boti iko kwa grupu lakini haijibu.* Kwa kawaida boti ya Telegram ndani ya grupu haisomi ujumbe wote, inaona amri na majibu iliyoelekezewa tu. Nenda kwa BotFather, tumia /setprivacy uizime, alafu itoe boti kwa grupu na uirudishe. Bila kuitoa na kuirudisha haibadiliki, na watu wanapoteza siku nzima hapo.

*Inaleta kosa la 409.* Kuna nakala mbili za programu zinavuta ujumbe wa boti moja, ama umeacha webhook ya zamani, ile anwani Telegram inatumia kukusukumia ujumbe. Zima moja.

*Stima ilipotea na ujumbe wa usiku hauonekani.* Telegram inashikilia ujumbe wa boti mpaka masaa 24 tu. Mfumo ukirudi kabla ya hapo zitaingia zote kwa mpigo, kwa hivyo mwagize ajenti aangalie saa ya ujumbe asije akamwamsha mtu kwa tatizo la jana. Ukizidi hapo zimepotea. Hamisha kwa seva ya nje, na router ya kiwanda iwekee betri.

*Voisi noti zinaandikwa vibaya.* Zitaandikwa vibaya, hasa fundi akianza Kiswahili akaingia Kiingereza akamalizia na Dholuo ama Kinandi, na huko nyuma boila inanguruma. Ajenti arudishe alichosikia kwa maandishi na aombe fundi akubali. Namba zote ziandikwe ama zipigwe picha kwa kipimo chenyewe, namba ya sauti isikubaliwe.

*Manyuali kubwa haipakuliwi.* Boti ya kawaida haivuti faili zaidi ya MB 20 kutoka Telegram. Ikate vipande kwa sura ama uipakie kwa seva moja kwa moja.

*Ajenti anatoa jibu zuri lisilokuwa na ukurasa.* Usilitumie. Ongeza agizo kwamba jibu lolote bila chanzo liandikwe "hakuna rekodi", alafu rudi ujaribu zile kesi kumi. Likiendelea, shida iko kwa utafutaji, anapewa kurasa zisizohusika na anajaza nafasi.

*Anachagua mtu asiyefaa.* Karibu kila mara orodha yako ina vyeo badala ya kazi. Rudi hatua ya 2.

*Mafundi hawaitumii.* Angalia inachukua dakika ngapi mpaka kadi iende. Ikizidi tatu, punguza maswali. Alafu uliza kama kuna mtu aliwahi kufokewa kwa sababu ya kitu alichoandika pale. Kama yuko, hiyo inatatuliwa na fomani kwa mkutano wa asubuhi, usiitafutie dawa kwa kompyuta.

*Mzee haandiki, anataka kuongea tu.* Sawa. Mpigieni, fundi amsomee kadi vile ilivyo, na akikubali simu irekodiwe ajenti aiandike na amtumie binti ama kijana wake wa nyumbani amsomee kabla haijawekwa kwa rekodi. Hakikisha huyo wa nyumbani pia amekubali namba yake itumike.